Dhamana ya Saa Iliyovaliwa: Ahadi, Deni na Muda

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Methali hii hutajwa mara nyingi harusini, majukwaani na hata madarasani, lakini ni nadra kuisikia ikichambuliwa kwa jicho la mtunza hesabu. Deni likitazamwa kwa jicho hilo huonekana kuwa na viungo vyake: lina mdaiwa anayepaswa kulipa, lina mdai mwenye haki ya kulipwa, lina muda wake, lina masharti na aghalabu lina shahidi. Likikosa kimojawapo cha viungo hivi, hugeuka kuwa maneno matupu. Pengine hakuna mahali ambapo ukweli huu hudhihirika waziwazi kama katika biashara ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haielekei kuwa na uhusiano wowote na wanafunzi wa lugha: ununuzi wa saa ya mkono ya kifahari iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine.

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Katika maduka ya Nairobi neno linalosikika ni waranti, na mnunuzi wa simu au redio huulizia "waranti ya mwaka" bila kutatizika. Neno lilo hilo likitoka kinywani mwa askari humaanisha hati ya mahakama ya kumkamata mtu. Kiswahili sanifu kina dhamana, nalo pia lina makao mawili: mahakamani mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana, na dukani bidhaa huuzwa kwa dhamana. Makao hayo mawili yana msingi mmoja. Dhamana ni neno la asili ya Kiarabu ambalo mzizi wake unabeba dhana ya kuwa ndani ya kitu. Anayedhamini hulitwaa jambo la mwenzake na kulitia ndani ya himaya yake. Likiharibika, limemharibikia yeye. Wanafikihi wa Kiislamu walikwenda mbali zaidi, wakatofautisha mkono wa amana na mkono wa dhamana. Aliyeshika mali ya mwenzake kwa mkono wa amana halipi ikiharibika pasi na uzembe wake, ilhali aliyeishika kwa mkono wa dhamana hulipa. Hapo ndipo lilipo swali zima la mnunuzi. Saa huvaliwa mkononi mwake, lakini dhamana yake imo katika mkono mwingine, na hana budi kuutambua mkono huo kabla ya kutoa fedha.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mtu ahangaike kiasi hicho kwa ajili ya saa, ilhali simu ya mkononi humwambia wakati bila malipo? Jibu ni kwamba saa ya aina hii hainunuliwi kwa sababu ya wakati pekee. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndani ya kasha lisilozidi upana wa sarafu kubwa mna kamani inayokazwa na kulegea, magurudumu yenye meno, mawe madogo ya kupunguza msuguano na vipande vingine vinavyopita mia moja kwa jumla, vyote vikitegemea matone ya mafuta ambayo hukauka kadiri miaka inavyosonga. Kuifungua, kuisafisha na kuipaka mafuta upya ni kazi ya fundi aliyefunzwa, na gharama yake ni kubwa. Saa kama hiyo ikiwa mpya bei yake huwashinda wengi. Ikiwa imevaliwa, bei ya aghlabu ya miundo hushuka, na mnunuzi wa pili hufaidika na hasara ya mnunuzi wa kwanza. Hata hivyo, faida hiyo yaweza kumezwa na ziara moja ya kwa fundi. Ndiyo maana neno dhamana, linapotamkwa na muuzaji, humtuliza mnunuzi kama dawa.

Basi na aanze kumtafuta mdaiwa. Katika soko la saa zilizotumika kuna wadaiwa watatu ambao aghalabu huchanganywa. Wa kwanza ni kiwanda kilichoitengeneza saa. Ahadi yake huwa ya kimataifa, na huanza pale saa inapouzwa kwa mara ya kwanza na muuzaji aliyeidhinishwa na kiwanda hicho. Wa pili ni mwenye duka la saa zilizotumika, ambaye hutoa ahadi yake binafsi, mara nyingi ya mwaka mmoja au miwili, na ambaye atakayeitengeneza saa ni fundi wake mwenyewe, si kiwanda. Ahadi hiyo si mbaya hata kidogo, lakini uhai wake ni uhai wa duka. Duka likifungwa, mdaiwa ametoweka. Wa tatu ni mtu binafsi anayeuza saa iliyokuwa mkononi mwake. Huyu kwa kawaida haahidi lolote. Anachofanya ni kupisha ahadi ya mwingine, kama mtu anayempa mwenzake hati ya deni analodai kwa jirani. Muuzaji wa namna hii akisema "ina waranti", hasemi kwamba yeye atalipa. Anasema kuna mtu mahali fulani atakayelipa, na ni juu ya mnunuzi kwenda kumwuliza mtu huyo kama anakiri deni.

Katika miaka ya karibuni amejitokeza mdaiwa wa nne, aliye baina ya hawa. Mnamo Desemba 2022 kampuni ya Rolex ilianzisha mpango wa kuziuza saa zake zilizotumika kupitia wauzaji wake rasmi, ikianza na maduka ya Bucherer ya barani Ulaya. Saa inayopita katika mpango huo hukaguliwa, huthibitishwa kuwa halisi na kupewa dhamana mpya ya miaka miwili inayoanza siku ya mauzo hayo ya pili. Katika hali hii mnunuzi hapewi masalio ya ahadi ya mtu mwingine, bali ahadi iliyofanywa kwake. Bei yake nayo huwa ya juu kuliko ile ya sokoni, na tofauti hiyo ya bei ndiyo kipimo cha thamani ya mdaiwa anayejulikana.

Baada ya mdaiwa kuna mdai. Je, dhamana humfuata mtu au huifuata saa? Kuna ahadi zinazomlinda yeyote aliyeishika saa maadamu ana kadi halali. Tudor, kwa mfano, hutangaza wazi kwamba dhamana yake ya miaka mitano huhama pamoja na saa na haihitaji kusajiliwa. Kuna nyingine zenye tabaka mbili. IWC, Jaeger-LeCoultre na Cartier hutoa miaka miwili ya kawaida, kisha humwezesha mwenye saa kuisajili na kuurefusha muda hadi miaka minane. Anayenunua saa ya nyumba hizo kutoka kwa mtu mwingine hawezi kutosheka na kusikia "miaka minane". Anapaswa kujua kama saa ilisajiliwa kabla ya miaka ile miwili kwisha, na kama usajili huo unamtambua mwenye saa mpya. Usajili ambao haukufanyika hauwezi kurithiwa, kwa kuwa mtu hupokea kilichokuwako tu.

Suala la tatu, nalo ndilo lililowaponza wengi, ni muda. Waswahili wana bahati ya kulielewa jambo hili kwa wepesi, kwa sababu saa yao huhesabiwa kuanzia macheo. Jua likichomoza siku imeanza, na anayeamka saa nne hawezi kudai kwamba kwake yeye ndiyo saa moja. Dhamana nayo ina macheo yake: ni siku ile mnunuzi wa kwanza alipolipa dukani na tarehe ikaandikwa kwenye kadi. Mnunuzi wa pili huikuta siku imepanda. Rolex ilianza kutoa miaka mitano kwa saa mpya mnamo Julai 2015, ilhali awali ilikuwa ikitoa miaka miwili. Omega ilitangaza miaka mitano kwa saa zake zote mwishoni mwa 2018. Takwimu hizi husambaa vinywani bila tarehe zake, na matokeo yake ni kwamba mtu huuziwa saa ya zamani kwa sifa za saa mpya. Hesabu yenyewe ni nyepesi: tarehe ya kadi, jumlisha miaka iliyoahidiwa wakati huo, kisha toa leo. Kinachobaki ndicho kinachouzwa. Kisipobaki kitu, hakuna dhamana inayouzwa, hata kadi iwe imehifadhiwa kwa usafi namna gani.

Kiungo cha nne ni masharti. Dhamana ya kiwanda hulenga kasoro za utengenezaji. Haigusi uchakavu wa kawaida wa mkanda na kioo, wala kupotea, wala wizi, wala ajali, wala matumizi mabaya. Isitoshe, karibu nyumba zote kubwa huifuta ahadi yao iwapo saa imefunguliwa na fundi asiyeidhinishwa au imetiwa kipande kisichotoka kiwandani. Sharti hili huonekana kali, lakini lina mantiki. Aliyekubali kubeba deni la kazi ya mikono yake hawezi kubebeshwa kazi ya mikono asiyoijua. Kwa mnunuzi wa saa iliyovaliwa, jambo hili lina maana kwamba miaka iliyobaki kwenye kadi haitoshi. Inambidi ajue pia ni nani aliyewahi kuifungua, lini, na kwa sababu gani.

Kisa cha kijana mmoja, mwalimu wa shule ya upili, chaweza kumulika viungo hivi vyote kwa pamoja. Baba yake alikuwa karani katika stesheni za reli kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu ambaye maisha yake yalipimwa kwa dakika za safari za watu wengine. Katika ujana wake mzee huyo aliwahi kuiona saa ya Uswisi mkononi mwa mkubwa wake, akaisifu kwa miaka mingi pasi na kuitamani, kama mtu anavyousifu mlima. Mwana aliposikia kwamba baba anakaribia kutimiza miaka sabini, aliazimia kumnunulia saa ya nembo ileile. Aliweka akiba kwa miaka mitatu. Iliyo mpya haikufikika, na kwa hivyo akatafuta iliyovaliwa, akampata muuzaji mwenye maneno laini.

"Mwalimu," muuzaji alimwambia, "hii saa ina waranti ya miaka mitano. Kadi ndiyo hii, na sanduku lake ndilo hili."

Kijana aliishika saa, akaona akrabu ya sekunde ikiteleza bila kishindo. Moyo ulikuwa umekwisha kununua. Hata hivyo, mtoto wa karani wa reli hukua akiona tiketi zikikaguliwa, na aliomba kwanza waende pamoja kwa fundi mmoja mzee wa saa aliyekuwa na kibanda katikati ya jiji. Muuzaji, kwa kuwa hakuwa na la kuficha au kwa kuwa aliamini hivyo, alikubali.

Mzee alivaa lenzi yake jichoni, akaigeuza saa mara mbili, kisha akaichukua kadi.

"Kijana wangu, kadi hii ilizaliwa lini?"

"Miaka minne na miezi minane iliyopita, mzee."

"Basi imebakisha miezi minne ya kuishi. Nisomee nambari iliyo kwenye kadi."

Kijana alisoma, na mzee akalinganisha tarakimu moja baada ya nyingine na zile zilizochongwa kwenye chuma. Zililingana. Muuzaji akatabasamu. Lakini mzee alikuwa amerudi kwenye kifuniko cha nyuma, akipitisha ukucha wake pembezoni mwacho.

"Hapa pamekwaruzwa. Aliyekifungua hakuwa na ufunguo wake."

"Aa, mzee wangu, hapo ni mpira tu uliobadilishwa," muuzaji alisema. "Maji yalikuwa yameingia kidogo."

"Maji kidogo ndani ya saa hayawi kidogo," mzee akajibu, akairudisha saa mezani.

Inafaa kusisitizwa kwamba muuzaji hakusema uongo. Kadi ilikuwa halali, nambari ilikuwa sahihi, na nyumba iliyotengeneza saa ile kweli hutoa miaka mitano. Hila, kama ilikuwapo, ilijificha katika sarufi. "Ina waranti ya miaka mitano." Umbo hili la kitenzi cha umilikaji halina kiambishi cha njeo. Kiambishi cha ngeli hushikana moja kwa moja na "-na", na wakati ukabaki nje. Sentensi ile yaweza kumaanisha kwamba saa za aina hii huwa na waranti ya miaka mitano. Yaweza kumaanisha kwamba saa hii ilikuwa na waranti ya miaka mitano ilipotoka dukani. Masikioni mwa mwalimu ilimaanisha kwamba saa hii, kuanzia leo, itakuwa na waranti ya miaka mitano. Maana tatu zilikaa katika silabi mbili, na kila mmoja alichukua ile iliyompendeza. Mwenye kusomea lugha atakubali kwamba mikataba mingi huvunjika kwa sababu ya mambo madogo kama haya, wala si lazima awepo mwongo.

Kijana alifanya jambo moja la busara: aliacha kuuliza kuhusu dhamana na kuanza kuuliza kuhusu bei. Saa ile, baada ya kufunguliwa na mkono usioidhinishwa, haikuwa tena na mdaiwa kiwandani, hata kwa ile miezi minne. Alimwambia muuzaji kwamba yuko tayari kuinunua kama saa isiyo na dhamana, kwa bei ya saa isiyo na dhamana. Muuzaji alikasirika, kisha akafikiri, kisha akapunguza. Fedha zilizookolewa zilitumika kuipeleka saa kwenye kituo cha huduma kilichoidhinishwa na watengenezaji, ng'ambo. Ilikaa huko kwa wiki nyingi. Iliporejea ilikuwa imesafishwa, vipande viwili vilivyoanza kushika kutu vimebadilishwa, na pamoja nayo ikaja karatasi ya dhamana ya huduma ya miaka miwili. Baba alivishwa saa yake mwezi mmoja baada ya siku ya kuzaliwa kupita. Inasemekana kitu cha kwanza alichofanya mzee huyo ni kuisoma ile karatasi, mbele na nyuma, na kuuliza tarehe.

Suluhisho hilo lina funzo pana. Rolex na Omega, kwa mfano, zote hutoa dhamana ya miaka miwili kwa saa iliyofanyiwa huduma kamili katika vituo vyao. Kwa hivyo saa ya miaka kumi yenye stakabadhi ya huduma ya mwezi jana yaweza kuwa na ulinzi mkubwa kuliko saa ya miaka minne na nusu yenye kadi inayometameta. Mnunuzi asiyejua hivyo huchagua kadi na kuacha stakabadhi, kama mtu anayechagua jina na kuacha mwenye jina.

Sasa limebaki suala la shahidi. Sanduku la saa huja na karatasi nyingi, nazo hazina uzito sawa. Kitabu cha maelezo si dhamana. Hati ya usahihi nayo si dhamana: taasisi ya Uswisi iitwayo COSC, iliyoundwa mwaka 1973, hupima mashine za saa kwa siku 15 katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na ile ya kawaida inayofaulu huwa haikawii kwa zaidi ya sekunde 4 wala kutangulia kwa zaidi ya sekunde 6 kwa siku kwa wastani. Hati hiyo yasema mashine ilikuwaje siku ilipopimwa, haisemi nani atailipia ikiharibika. Kadi ya dhamana ndiyo pekee inayobeba ahadi, na hata hiyo haina budi kukubaliana na saa yenyewe. Nambari ya saa huchongwa mahali tofauti kulingana na nembo na umri. Katika saa za Rolex za zamani hufichika chini ya mkanda, upande wa saa sita ya uso wa saa, na mtu hulazimika kuutoa mkanda ili aisome. Katika zile za miaka ya karibuni imechongwa kwenye ukingo wa ndani chini ya kioo. Kadi isiyo na tarehe, kadi iliyofutwafutwa, au kadi ambayo nambari yake inatofautiana na ya saa hata kwa tarakimu moja, ni shahidi aliyekosea jina la marehemu. Hafai.

Kadi nayo yaweza kughushiwa. Kwa sababu hiyo njia iliyo salama ni kuipeleka saa, pamoja na kadi yake, kwa muuzaji rasmi au kituo cha huduma cha nembo husika kabla ya malipo kukamilika, kwani nyumba nyingi hazipendi kusimulia historia ya saa kwa kila anayepiga simu na kutaja nambari, hutaka kuiona. Muuzaji mwaminifu hatakataa safari hiyo. Akikataa, au akidai kwamba kuna mnunuzi mwingine anayesubiri mlangoni, amekwisha kujibu. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aidha, mtu anapaswa kuhakikisha kwamba saa haikuibwa, kwa kuwa dhamana haiwezi kumfaa mtu ambaye umiliki wenyewe unamponyoka. Mjini London kuna The Watch Register, hifadhi ya kumbukumbu za saa zilizopotea na kuibwa, na mnamo 2023 kampuni ya Richemont ilianzisha jukwaa la Enquirus kwa madhumuni yayo hayo.

Anayedhani kwamba tahadhari hizi ni za wanyonge tu na azingatie yaliyoipata Omega yenyewe. Mnamo Novemba 2021, katika mnada wa Phillips mjini Geneva, saa ya Speedmaster ya mwaka 1957 iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega, akiitaka kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vilivyotolewa katika saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika. Ikiwa aliyeizaa saa aliweza kuuziwa mtoto asiye wake, sembuse mwalimu mwenye akiba ya miaka mitatu? Hapa ndipo inapoonekana kwamba karatasi, hata zikitoka katika nyumba yenyewe, ni ushahidi wa watu, na watu huweza kununuliwa.

Hata hivyo, karatasi haifi dhamana inapokwisha. Hubadilika ikawa nasaba. Mfano mzuri unatoka Omani, nchi ambayo historia yake imefungamana na ya pwani ya Afrika Mashariki. Sultani Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki mwaka 2020, alikuwa na desturi ya kuwatunuku watu saa za kifahari ambazo kwenye nyuso zake palichorwa jambia, nembo ya taifa lake. Baadhi yake zilikuwa za Rolex na zilipitia duka la Asprey la London. Dhamana za saa hizo za miaka ya sabini zilikwisha zamani, lakini karatasi zake hutafutwa kwa hamu kubwa, kwa sababu ndizo zinazoitenganisha saa iliyotunukiwa kweli na ile iliyochorwa jambia baadaye na mjanja. Mali bila daftari huisha bila habari, na saa bila karatasi huanza kusahau ilikotoka.

Na sheria je? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya mauzo ya bidhaa nayo humtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze zinazofaa. Lakini sheria hiyo humbana mfanyabiashara zaidi ya inavyombana mtu binafsi anayeuza saa yake moja, na hapo kanuni kongwe hurejea: mnunuzi na ajihadhari. Kwa hiyo maneno ya muuzaji yafaa kutiwa katika maandishi, yakitaja nambari ya saa, tarehe, aliyetoa dhamana na siku inapokwisha. Sentensi mbili zilizoandikwa na kutiwa sahihi humfaa mnunuzi kuliko saa nzima ya maneno laini.

Kwa muhtasari, kuthibitisha dhamana ni kuuliza maswali ambayo mwanafunzi yeyote wa sintaksia angeiuliza sentensi. Nani mtendaji? Nani mtendewa? Kitenzi kiko katika njeo gani? Kuna kishazi gani cha masharti kilichofichwa nyuma yake? Muuzaji anayejibu maswali haya bila kunung'unika anauza saa na ahadi yake. Asiyeyajibu anauza saa peke yake, na saa peke yake ina bei yake. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipia "ina" kwa bei ya "itakuwa na".